Shukrani ikikataa kuingia moyoni

Mdogo wangu, umesema tangu upunguzwe kazini unasali swala zote ila ukitamka Alhamdulillah unaona ni mdomo tu, moyo haupo. Pole sana, na wala usijione mnafiki, mtu mwenye mawazo ya kodi moyo lazima uwe mzito. Mi nakushauri ukimaliza swala usizikimbize tasbihi, zile Alhamdulillah 33 kila moja ipe jambo lake, hii ya mama kapiga asubuhi kuuliza kama nimekula, hii ya mwanangu homa imeshuka usiku kaamka anadai uji, hii ya maji yametoka nikajaza ndoo zote, yani kabla hujafika kumi utaanza kupumua vizuri. Surat Ibrahim aya ya 7 Mungu kaahidi kumzidishia anayeshukuru, hajasema usubiri mpaka upate kazi kwanza. Halafu isiishie kwenye mswala, mwambie mkeo ahsante kwa anavyoibana hela kidogo watoto wakala wakashiba, mwambie akusikie, wengi tunakuja kuwasifia watu wetu msibani jamani! Kazi endelea kutafuta, nitumie CV yako nami niulizie huku nilipo.