Mume Yuko Misheni, Mtaa Unadhani Una Hela

Hapa Mbeya, kuanzia Itende mpaka Uyole, mke wa mwanajeshi anajulikana kwa jambo moja: ana hela. Mume akienda misheni ya Umoja wa Mataifa ndiyo kabisa, mtaa mzima unamhesabia dola. Basi hakuna anayekuuliza kama mtoto ameamka na homa au unga umeisha, na wewe mwenyewe unaona aibu kusema. Nimeishi hivyo miaka mingi, kwanza kota za kambini, baadaye uswahilini. Sasa mzee wangu amestaafu, kwa hiyo naweza kuongea.

Wadogo zangu ambao waume zenu bado wako kazini, anzeni kabla hajapanda gari. Nenda naye kikosini, uijue ofisi inayoshughulika na familia za askari, uchukue namba ya simu ya ofisi, si ya rafiki yake. Halafu muulize bila kuzunguka: kwenye kumbukumbu zako umeandika nani kuwa mtegemezi? Wako wanaume walioajiriwa wakiwa makapera, wakaandika mama au kaka, wakaoa, wakazaa, na karatasi iko vilevile. Hana nia mbaya, amesahau tu. Lakini siku ya siku, karatasi ndiyo inayosikilizwa.

Usiku wa tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani ya Semuliki, Kivu Kaskazini nchini Kongo, ilishambuliwa na askari wetu wasiopungua 14 wakauawa. Mume wangu alikuwa hukohuko Kongo. Kesho yake WhatsApp ilijaa majina kabla jeshi halijatamka hata moja. Tuliokuwa jirani tukakubaliana: mmoja wetu ndiye apige simu kikosini, wengine tukae na watoto, na orodha yoyote isisambazwe. Ukichukua kitu kimoja tu katika makala hii, chukua hicho. Jina likikosewa, kuna mama mahali fulani anaanza matanga ya mtu aliye hai.

Walioingia kwangu siku zile na sukari na mkaa hawakuwa wake wa askari. Walikuwa wanawake wa kikoba changu, yaani kikundi chetu cha kuweka na kukopa, wauza viazi na ndizi wa Mwanjelwa. Walikuja kwa sababu na mimi nilikuwa nakwenda kwao, kwenye misiba na uzazi, miaka yote. Ndiyo maana nasisitiza ujiunge na kikoba cha mtaani hata kama kambini kipo. Cha kambini ni kizuri, lakini uhamisho ukitoka, mwenyekiti yuko Tabora na mweka hazina yuko Monduli. Angalia pia kama kikoba kina mfuko wa jamii, ule wa dharura usio na riba. Bila huo ni sehemu ya kukopa tu.

Mkiwa kikundi kinachoeleweka, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata mkasajiliwe. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Kuwa mke wa askari hakukuondolei haki hiyo, hata kama mtu dirishani atakukata jicho.

Akirudi, usishangae akiwa mwingine. Haongei, anashtuka usiku, kelele za watoto zinamuudhi, pombe imeongezeka. Majirani watakwambia karogwa. Mpeleke hospitali ya jeshi au ya rufaa ya kanda, na kama anamsikiliza padri au shehe, mshirikishe pia. Ila akianza kupiga, hilo si la kuvumilia kwa kisingizio cha vita. Dawati la jinsia na watoto lipo polisi, na cheo si kinga.

Sasa mirathi, ambayo hakuna anayetaka kuizungumzia akiwa mzima. Cheti cha ndoa kiwepo. Wengi wetu tumeishi na waume miaka kumi tukiitwa mama fulani, cheti hakuna. Sheria ya Ndoa ya 1971 inatambua dhana ya ndoa kwa walioishi pamoja miaka miwili au zaidi wakaheshimika kama mke na mume, lakini dhana hiyo inaweza kupingwa, na utaithibitisha mahakamani huku shemeji wamekukunjia uso. Ni rahisi zaidi kwenda kufunga ndoa sasa. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto navyo viwe na jina la baba. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanaandika na kutunza wosia. Msiba ukitokea utahitaji cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia kumteua msimamizi wa mirathi. Mahakama ya Mwanzo husikiliza mirathi ya kimila na ya Kiislamu. Nyingine huenda mahakama za juu. Huna hela ya wakili? Tafuta msaidizi wa kisheria. Tangu 2017 wanatambuliwa kwa sheria, na hawatozi.

Wastaafu nao wasikae peke yao. Ipo MUWAWATA, muungano wa wanajeshi wastaafu. Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kuwa karibu na watu wanaojua mlango wa kugonga pensheni ikikwama au uhakiki wa wastaafu ukitangazwa.

Baba mkwe wangu, huko karibu na Mafinga, alipigana vita vya Kagera, na baadhi ya wenzake walikwenda 1978 wakiwa mgambo, wakarudi shambani bila pensheni. Kama una mzee wa namna hiyo, mwenye miaka 60 na kuendelea na asiye na uwezo, mwone mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii apatiwe kitambulisho cha matibabu bila malipo. Akienda hospitali aulizie dirisha la wazee, na mtu wa familia amsindikize, maana peke yake atakaa benchi kimya akiwapisha vijana.