Kidole gumba cha kushoto: kwa daktari anayeanza endoskopi

Siku niliposhindwa kufungua kizibo cha chupa ya maji ndipo nilipokubali kwamba mkono wangu una tatizo. Miezi mitatu nzima nilikuwa nimejiambia ni uchovu tu. Nilikuwa mwaka wa pili wa mafunzo ya endoskopi, yaani kuchungulia tumbo na utumbo kwa mrija wenye kamera, nagombania kila kipimo, na sikutaka mtu aseme mkono wangu haukuumbiwa kazi hii.

Kabla ya yote, shika chombo ukitazame vizuri. Kishikio hukaa mkono wa kushoto. Kidole gumba ndicho kinachozungusha gurudumu kubwa la juu na chini, kisha kinajinyoosha kulifikia lile dogo la kulia na kushoto, huku vidole vingine vikibonyeza vitufe vya hewa na vya kunyonya. Mkono wa kulia unausukuma mrija na kuusokota. Tangu daktari Hirschowitz na wenzake walipotengeneza gastroskopi (mrija wa kuchungulia tumbo) ya nyuzi za kioo mwaka 1957, picha imeboreka ajabu, lakini kishikio kingali cha saizi moja kwa wote. Mwenye kiganja kidogo ndiye anayetaabika zaidi.

Kwa hiyo usilikimbilie gurudumu dogo. Kona nyingi za utumbo mpana hupitika kwa kuusokota mrija, gurudumu kubwa likisaidia kidogo tu. Na mrija ukijikunja kitanzi tumboni, acha kusukuma! Hapo ndipo nilipojiumiza. Kitanzi kikiwepo ncha haitii, nawe unazidi kukaza kidole gumba na kubana mrija kwa mkono wa kulia, huku mgonjwa akiumia. Urudishe nyuma unyooke, mgeuze mgonjwa, omba tumbo likandamizwe. (Muuguzi anayekandamiza naye ana mgongo na mabega. Usimsahau hapo.)

Chumba kipange kabla mgonjwa hajapewa dawa ya usingizi, maana baadaye utaona aibu kusimamisha kazi. Kitanda kiwe usawa wa kiwiko chako au chini yake kidogo. Kinachofaa ni kile kinachoweza kupanda na kushuka kati ya sentimita 85 na 120. Skrini iwe mbele yako kabisa, macho yakiinama nyuzi 15 hadi 25. Mimi nilikuta skrini imewekwa kwa kimo cha daktari mrefu kuliko mimi, nikafanya kazi nimeinua kidevu kwa miezi bila kuigusa, kana kwamba imejengewa ukutani. Kwenye vipimo vya eksirei, aproni ya madini ya risasi ya kuzuia mionzi, yenye vipande viwili, hupunguzia mabega uzito kuliko ya kipande kimoja.

Kati ya mgonjwa na mgonjwa weka chombo chini, fungua viganja, zungusha mabega. Dakika moja inatosha. Usiitumie kuandikia ripoti, kwani kuandika nako ni kazi ya vidole vilevile.

Dalili zina lugha yake. Maumivu upande wa kidole gumba kwenye kifundo cha mkono, yakizidi ukikunja ngumi juu ya kidole hicho na kuinamisha kifundo kuelekea kidole cha mwisho, huashiria kano zilizovimba: ugonjwa wa De Quervain. Ganzi ya kidole gumba, cha shahada na cha kati inayokuamsha usiku inaelekeza kwenye neva iliyobanwa kifundoni. Wewe ni daktari, lakini usijitibu kwa kumeza dawa za maumivu kila asubuhi kisha ukaingia chumbani. Nilifanya hivyo, na dawa ilinisaidia tu kuendelea kujiumiza.

Hatimaye nilimwendea mkuu wangu nikiwa nimejiandaa kujitetea. Hakuuliza kitu. Alipandisha mkono wa koti lake akanionyesha kovu la upasuaji kwenye kifundo cha kushoto, la miaka mingi, ambalo wanafunzi wake hatukuwahi kulisikia. Kisha akachukua ratiba, akafuta kolonoskopi (vipimo vya utumbo mpana) zangu za wiki nzima, akanituma kwa mtaalamu wa viungo siku hiyohiyo.