Mbwa wangu akipanda gari nimfunge mkanda au nimwachie tu?

SWALI: Habari dada, mi nina mbwa wangu anaitwa Bobi, ana kilo 20 hivi, nikishika tu funguo za gari yeye keshafika mlangoni. Anakaa siti ya mbele pembeni yangu kichwa nje dirishani, masikio yanapepea, yani anafurahi mpaka raha. Sasa mume wangu kang'ang'ania tumnunulie mkanda wa kumfunga, mi naona ni kumtesa tu maana safari zetu fupi na siendeshi kwa fujo. Nani yuko sahihi? Na paka wetu je, yeye huwa anapakatwa na mtoto siti ya nyuma.

JIBU: Mumeo yuko sahihi dada yangu, na nakwambia hivi nikijua kabisa unampenda huyo Bobi.

Chukua spidi ya 50 kwa saa, ya kawaida tu. Gari ikigonga kitu ikasimama ghafla, Bobi hasimami, yeye anaendelea na ile ile 50 mpaka akutane na dashibodi au kioo, na ukipiga hesabu ni sawa na kumdondosha kutoka mita 10 juu, yani kama ghorofa ya tatu. Kilo 20 zinazoruka hivyo zikimkuta mtu zinamuumiza na yeye. Kuendesha vizuri kwako sawa, ila anayekugonga anaweza kuwa mwingine.

Mi kilichonifunza hata si ajali, ni breki tu. Nilikuwa naenda taratibu, mtoto akakimbilia mpira barabarani, nikakanyaga breki, mbwa wangu aliyekuwa amelala siti ya nyuma akateleza katikati ya viti akaja kutua miguuni kwangu, nikitaka kukanyaga tena mguu unakanyaga manyoya, mgongo wake umeingia chini ya pedeli. Namshukuru Mungu gari ilikuwa imeshasimama. Nilipaki pembeni natetemeka, na siku ile ile nikaenda kutafuta hanesi, yani ile mikanda anayovalishwa mbwa mwilini.

Hanesi iwe ya kifuani, pana, mkanda wa siti unapita ndani yake. Usije ukamfunga kwenye kola ya shingo, breki moja tu inaweza kumvunja shingo au kumkaba. Na si kila hanesi inafaa, zile za matembezi nyingi uzi wake ni mwepesi. Mwaka 2013 Center for Pet Safety, shirika la Marekani la usalama wa wanyama wa nyumbani, ilishirikiana na Subaru kuzijaribu za kwenye gari kwa midoli yenye umbo la mbwa, na nyingi hazikufaulu, kwa hiyo ulizia kama imepimwa kwa ajali, usiangalie rangi. Uingereza wao wameliandika kabisa kwenye kanuni za barabarani, Highway Code kanuni ya 57, kwamba mbwa na wanyama wengine wadhibitiwe ndani ya gari wasimsumbue dereva wala kuumiza watu au kuumia wenyewe.

Pia mhamishe nyuma. Eabegi ya mbele, ule mfuko wa hewa unaofumuka gari ikigonga, imetengenezwa kwa mtu mzima aliyefunga mkanda, ikifumuka kwa mbwa inaweza kumuua. Dirisha mfungulie kidogo hewa iingie lakini kichwa kibaki ndani, vumbi na vijiwe vinaharibu macho.

Kuteseka? Mvalishe kwanza nyumbani siku kadhaa, mpe kitu anachokipenda akiwa ameivaa, halafu gari ikiwa imezimwa, halafu ndo mzunguko mfupi. Wengi wakishazoea wanalala, maana hawahangaiki tena kujizuia kila kona.

Paka mtoe mapajani kwa mtoto leo leo, akishtuka ni kucha usoni. Mtie kwenye boksi lake la kubebea, liweke chini nyuma ya siti ya mbele lisicheze, na kitambaa chepesi juu asione magari ila hewa ipite.

Na mkifika, shika kamba ya Bobi mkononi kwanza, ndo ufungue mkanda, mlango uwe wa mwisho, maana ukianza na mlango atakuwa barabarani kabla hujageuka.