Jicho "limeumbwa" au "limetokea"?

SWALI: Mimi ni mfasiri wa makala za afya, niko Dodoma. Nimepewa makala ndefu kuhusu mabishano juu ya mwili wa binadamu: kwanza kama viungo vyetu vinaonyesha kuwa kuna aliyevisanifu, kisha tiba wanazopewa vijana wasioridhika na jinsia yao. Mhariri amefuta "jicho limeumbwa" akaandika "jicho limetokea", na kila penye "jinsia" ameweka "jinsi". Nani kati yetu yuko sahihi?

JIBU: Ndugu mfasiri, kwenye jicho nyote wawili mmeshaikata kesi kabla msomaji hajaisikia.

Kauli ya kutendwa ina mtendaji nyuma yake hata asipotajwa. Kikombe kikivunjwa tunauliza nani kakivunja. Kikivunjika tunaokota vigae. Kwa hiyo "limeumbwa" linamleta Muumba ndani ya sentensi, na kwa muumini anayeshuhudia imani yake ndilo neno hasa. Lakini "limetokea" nalo lina upande. Ajali hutokea, mgeni hutokea bila kutarajiwa. Wanabiolojia hawadai kwamba jicho lilizuka tu. Wanasema lilijengeka kwa mabadiliko madogo madogo, vizazi kwa vizazi, yale yenye faida yakibaki. Huko ndiko kunakoitwa mageuko. Nakuomba usiandike "mageuzi", maana hilo limeshachukuliwa na vyama na katiba.

Unaweza kudhani kauli ya kutendeka itatuokoa: "limeumbika". Methali ya wazee, hujafa hujaumbika, inaitumia kauli hiyo vizuri, kwamba umbo la mtu halijakamilika maadamu yu hai. Ila katika maneno ya kila siku, mtu aliyeumbika ni aliyejaliwa umbo zuri. Andika "jicho limeumbika" na msomaji wa Tanga ataliona jicho la bibi harusi.

Ningeacha kitenzi nikachukua nomino: umbile, maumbile. Limetokana na umba, ndiyo, lakini kwa kutumika sana limepanuka. Anayeswali na asiyeswali wote husema "maumbile ya mwili" bila kugombana. Jaribu hivi: "Kwa maumbile yake, retina ya binadamu, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho, ina nyuzi za neva mbele ya seli zinazopokea mwanga, na pale nyuzi hizo zinapokusanyika ili kutoka nje ya jicho, hatuoni kitu. Pweza hana doa hilo." Hapo hujamkana mtu wala hujamshuhudia. Anayetaka kusema ni kasoro, aseme kwa kinywa chake. Anayeona humo hekima, vivyo hivyo. Na pale mtu anayenukuliwa anaposema jicho limeumbwa, mwambie mhariri airudishe "limeumbwa". Maneno ya mtu hayasahihishwi.

Kuhusu usanifu, usikubali kabisa ubadilishwe kuwa "uumbaji". Huko Dover, Pennsylvania, bodi ya shule ilitaka wanafunzi wa biolojia wasomewe tamko lililoitaja nadharia ya msanifu mwenye akili. Wazazi 11 walishtaki, na tarehe 20 Desemba 2005 Jaji John E. Jones III akaamua kuwa nadharia hiyo si sayansi na kwamba kuifundisha katika darasa la sayansi kwenye shule ya umma kunavunja katiba ya Marekani. Ushahidi mmojawapo mzito ulikuwa wa lugha: rasimu za kitabu cha kiada cha nadharia hiyo zilionyesha kuwa baada ya uamuzi wa Mahakama ya Juu ya nchi hiyo wa 1987 dhidi ya kufundisha uumbaji kama sayansi, neno la uumbaji lilifutwa na la usanifu likapachikwa mahali pake. Mfasiri akiyafanya maneno hayo mawili kuwa moja, msomaji wa Kiswahili hataelewa mahakama iliona nini. Andika pia "msanifu mwenye akili" badala ya "usanifu wa akili", ambao unasikika kama ramani ya ubongo.

Sasa jinsi na jinsia. Yote yametoka kwenye neno moja la Kiarabu. Wataalamu wengi Tanzania hutumia jinsi kwa mwili, yaani me au ke, na jinsia kwa nafasi na majukumu ambayo jamii humpa mtu. Kenya, jinsia hubeba yote mawili, na hata Dodoma mama aliyejifungua huulizwa jinsia ya mtoto. Mgawanyo huo unafaa makala yako, kwa kuwa mabishano yenyewe yamesimama juu yake, basi ueleze mara moja mwanzoni kisha uushike. Kubadilisha kila mahali ni kosa: "utambulisho wa jinsi" haueleweki.

Kwenye tiba, taja kinachofanyika. "Kubadilisha jinsia" lina hukumu ndani yake, "kuthibitisha jinsia" lina hukumu ya upande wa pili. Homoni ni homoni, upasuaji ni upasuaji. Ripoti ya Aprili 2024 ya Hilary Cass, daktari bingwa wa watoto Uingereza, iliona ushahidi juu ya dawa za kusitisha balehe kwa vijana hawa ni dhaifu, na Desemba mwaka huohuo serikali ikatangaza zuio la dawa hizo lisilo na ukomo kwa wagonjwa wapya walio chini ya miaka 18. Wengi huandika "dawa za kuzuia balehe". Mimi naandika "kusitisha": dawa hizohizo hupewa mtoto aliyeanza balehe mapema mno, na akiziacha, balehe yake huendelea.

Na huntha, aliyezaliwa na maumbile ya kiume na ya kike kwa pamoja, usimchanganye na vijana hao. Sensa ya Kenya ya 2019 iliwahesabu watu 1,524 wa namna hiyo, na neno lao tunalo tangu zamani.