Muuzaji wa Lulu Mpime kwa Majibu Yake, Si kwa Nyota Zake

Dada mmoja msomaji ameniandikia akiuliza kama muuzaji mwenye asilimia 99 ya maoni mazuri anaaminika kwenye mnada wa lulu mtandaoni. Alitaka ndiyo au hapana, maana mnada ulikuwa unakaribia kufungwa. Nilimwambia asilimia peke yake haitoshi, aache kwanza. Lakini swali lake wanaliuliza wengi, na najua mnaonisoma mnatamani kama mimi: mkufu wa lulu za kweli, kwa bei ya haki, bila kumtajirisha mwongo.

Alama za wanunuzi zinapima kuridhika, na mnunuzi wa lulu huridhika upesi mno. Mzigo umewahi, kisanduku kizuri, vitu vinang'aa, basi anabonyeza nyota tano siku hiyohiyo. Ni wangapi wamechukua lenzi wakachungulia tundu linalopita uzi? Nimewahi kufungua historia ya muuzaji wa lulu mwenye sifa tele, nikakuta karibu zote ni za makava ya simu na chaja. Lulu alikuwa ameanza kuziuza juzijuzi tu. Zamani hali ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu kwenye tovuti ya minada ya eBay muuzaji aliweza kumlipizia mnunuzi kwa kumpa naye alama mbaya, na wengi walinyamaza kwa woga. Kanuni hiyo ilibadilishwa mwaka 2008, nami naiunga mkono kwa moyo wote. Ila hakuna kanuni inayoweza kumlazimisha mtu apime alichonunua kabla ya kukisifia.

Mimi huanza na maoni mabaya, kisha nasoma muuzaji alivyoyajibu. Halafu namwandikia mwenyewe. Hapo ndipo anapojulikana.

Kuna kidani kinachoniuma mpaka leo. Kilitangazwa kuwa cha lulu nyeusi za Tahiti, milimita 7, duara kamili, rangi moja kuanzia mwanzo hadi mwisho. Anayezijua lulu hizo anashtuka hapohapo. Zinatoka kwa chaza mkubwa wa Polinesia ya Ufaransa, Pinctada margaritifera, na ni nadra kuziona chini ya milimita 8. Rangi zake nazo hazilingani hivyo: hii ina kijani ndani yake, ile inaelekea zambarau ya biringanya, nyingine ni kijivu cha moshi. Mkufu mweusi titii, mdogo, unaofanana lulu kwa lulu, mara nyingi ni lulu za maji baridi kutoka China zilizotiwa rangi.

Nilimwandikia yule muuzaji kwa adabu. Nilimwomba picha ya karibu ya tundu, nikamuuliza kama rangi ni ya kuzaliwa nayo au ya kutiwa. Alijibu: "Ni lulu halisi asilimia mia, nunua bila wasiwasi." Angalieni jibu hilo. Lulu ya maji baridi iliyotiwa rangi ni lulu halisi, kwa hiyo hakusema uongo, ila swali langu hakuligusa. Niliuliza tena. Akanifungia nisiweze kutoa dau.

Nilibaki kutazama watu wawili wakipandiana bei mpaka kikafika bei ya Tahiti yenyewe. Niliripoti, sikujibiwa. Kuna mtu mahali fulani anakivaa kidani kile kwa fahari, na siku atakapokipeleka kwa sonara kukithaminisha, atalia. Hilo ndilo linaloniuma. Kwenye tundu rangi ya kutiwa hujikusanya, ikaonekana nzito kuliko sehemu nyingine za lulu, na mara nyingi hata uzi wa hariri unapata doa. Picha moja ingetosha, ndiyo maana hakuituma.

Sasa niwaeleze na furaha yangu. Hivi karibuni nimeshinda mkufu wa akoya, lulu za Kijapani, kutoka kwa mama aliyekuwa akiuza vitu vya familia. Kwenye tangazo lenyewe, kabla hajaulizwa na mtu, alikuwa ameandika kwamba lulu ya nne kutoka kwenye kishikizo ina kovu, uzi umelegea, na mbili za katikati zimepoteza mng'ao kidogo. Aliweka picha ya kila kasoro, na kidole chake kikionyesha. Nilipomwomba picha ya tundu alituma akiwa ameipiga kupitia lenzi. Ukiitazama unaona mstari safi unaotenganisha kiini cha kombe kilichopandikizwa na tabaka la lulu lililokizunguka, tabaka zuri, nene. Akaongeza kwamba ndugu zake walimsisitiza aandike "lulu asilia", yaani iliyojiotea yenyewe ndani ya chaza bila mtu kupandikiza kitu, akakataa kwa sababu mstari ule ulikuwa unaonekana.

Niliweka dau kubwa kuliko ambalo ningeweka kwa muuzaji mwingine wa mkufu kama ule, na nilifanya hivyo kwa makusudi. Ulipofika ulikuwa vilevile alivyosema, kovu mahali pake. Najivunia mkufu huo kuliko vyote nilivyo navyo.

Ndugu zangu, neno hilo "asilia" liogopeni. Mwaka 1917 kampuni ya vito ya Cartier ilipata jumba lake la Fifth Avenue, New York, kwa kubadilishana na mkufu wa nyuzi mbili za lulu asilia uliothaminiwa dola milioni 1, pamoja na dola 100 taslimu. Lulu zilikuwa na thamani hiyo kabla ya zile za kufugwa, ambazo mtu humpandikizia chaza ili atengeneze lulu, kazi iliyoanzishwa Japani na Mikimoto Kokichi na wenzake, kuenea dunia nzima. Leo karibu kila lulu utakayoiona mnadani ni ya kufugwa. Kuthibitisha kwamba ni asilia kunahitaji eksirei ya maabara. Kusugua lulu kwenye meno ukasikia mkwaruzo kunakusaidia kutenga lulu na kioo au plastiki tu, kwani ya kufugwa nayo inakwaruza. Anayekwambia "asilia, nimezijaribu kwa meno" ama hajui, ama anajua sana.

Herufi za AAA, zinazoandikwa kusifia ubora, nazo zisikulevye. Hakuna kipimo kimoja cha dunia nzima kinachozisimamia, kila muuzaji anajipangia zake. Ukiona "shell pearl", hata ikitanguliwa na "South Sea", hiyo ni shanga ya kombe iliyopakwa rangi ya kung'aa. Cheti chenye bei kubwa iliyoandikwa juu pia si ushahidi. Maabara kama GIA inaeleza lulu ni ya aina gani na imefanyiwa nini, haipangi bei. Ombeni namba ya ripoti, muitafute wenyewe kwenye tovuti ya maabara.

Tena tazameni orodha ya waliotoa dau, kama inaonekana. Jina lilelile linalopandisha bei kwenye kila mnada wa muuzaji mmoja, halishindi, wala haliendi kwa wauzaji wengine, huenda ni la mtu wake. Na kidani "kilichouzwa" kikirudi baada ya siku chache na picha zilezile, huenda mtu huyo wa ndani alipandisha mpaka akajikuta ameshinda. Dawa yake ni kuamua mwisho wako ukiwa umetulia, kuuingiza mara moja kwenye dau la kujiendesha, ambalo tovuti inakupandishia yenyewe mpaka mwisho wako, dakika za mwisho, na kufunga simu. Muuzaji akikuomba mmalizane nje ya tovuti ili "kuokoa ada", ondoka. Nasema ondoka, hata kama lulu zimekuingia moyoni.

Mzigo ukifika, piga video ukiufungua. Viringisha mkufu juu ya kitambaa cheupe chini ya taa: lulu ya akoya yenye tabaka jembamba itakuwa inapepesa, mara ing'ae mara ififie, kwa sababu kiini kinaonekana ndani. Sugua lulu mbili taratibu, usikie mkwaruzo. Chungulia tundu kwa lenzi ya mara 10. Rangi iliyopakwa juu ya shanga bandia mara nyingi hubanduka pembezoni mwa tundu. Ukikuta tofauti na tangazo, fungua madai kupitia mfumo wa tovuti yenyewe siku hiyohiyo, picha zikiwa tayari. Muuzaji ataomba subira, atakuahidi mkufu mwingine au nusu ya fedha. Mjibu kwa upole humohumo kwenye tovuti, na madai usiyafunge mpaka fedha zote zirudi, kwa sababu siku za kurudisha bidhaa zinahesabika na yeye anazijua kuliko wewe.