Upanga wa Monkey Island hautaki RAM

SWALI: Fundi, habari za kazi. Nina laptop ya zamani, RAM giga 2, nacheza The Secret of Monkey Island, ile gemu ya kijana anayetaka kuwa haramia na lazima apite mitihani mitatu. Mtihani wa wizi nimepita, wa hazina nimepita, nimekwama kwenye upanga. Kila haramia ninayekutana naye njiani ananichapa. Nimeprinti orodha ya majibu yote kutoka mtandaoni, ninayo hapa mezani, ila majibu yenyewe hayatokei kwenye kioo ili niyachague. Jamaa mmoja anasema mashine ni nzito, niongeze RAM. Pia ana programu ya kufungua majibu yote kwa shilingi 5,000. Nimlipe? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Usimlipe, na RAM iache ilivyo. Gemu hii ilitoka mwaka 1990, enzi za disketi. Hata toleo lililopakwa rangi upya mwaka 2009 halina haja na kasi ya mkono wako. Nimeshaletewa na mausi zilizovunjika kwa kubonyezwa kwa hasira kwenye pambano hilihili, na kila mara nauliza: ulikuwa unabonyeza nini? Guybrush, yule kijana unayemchezesha, anarusha upanga mwenyewe. Wewe kazi yako ni kuchagua maneno: tusi la kumtupia haramia, au jibu la tusi lake. Ron Gilbert na wenzake waliotengeneza gemu hii waliona kwamba kwenye filamu za zamani za mwigizaji Errol Flynn watu wa mapanga hupigana huku wakichambana, basi wakauacha upanga uwe pambo na wakaliweka pambano lote kwenye ulimi. Ni mipasho ile, ila wenye mipasho wameshika vyuma.

Sasa hiyo orodha yako. Haikusaidii kwa sababu gemu haikupi jibu ambalo Guybrush hajalisikia kwa masikio yake. Ukilijua wewe, yeye bado hajui.

Na kinachonichosha kuliko vyote ni hii imani kwamba kuchapwa ni hasara. Chukua tusi moja. Haramia anakwambia aliwahi kuwa na mbwa mwenye akili kukuzidi. Hujui la kusema, unabaki na vijibu vya kitoto, anakusogeza nyuma. Sawa. Ila tusi hilo sasa ni lako, limeshaingia kwenye machaguo yako. Haramia wa pili mtupie wewe. Akiwa analijua, atakurudishia kwamba basi mbwa huyo ndiye aliyekufundisha yote unayoyajua, na awamu hiyo ni yake. Hapo ndipo wengi wenu mnaponuna na kuirudisha gemu pale mlipohifadhi mwanzo. Mmefuta jibu mlilokwisha kulilipia! Lilikuwa limeshaingia, lingekuwepo kwenye pambano linalofuata.

Kwa hiyo kuanzia leo hifadhi baada ya kushindwa, si kabla tu. Ukipata tusi jipya, usilifiche kwa kuogopa kujibiwa. Litupe haraka, na ukijibiwa shukuru. Haramia akianza kurudia matusi ambayo majibu yake unayo, mmalize, nenda kwa mwingine. Utazunguka kisiwa mpaka uchoke, sikufichi, lakini ukishakuwa na majibu ya kutosha na umeshinda mara kadhaa, maharamia wenyewe watakwambia umefikia kiwango cha kupambana na bingwa wa upanga. Kwake hufiki kwa kubahatisha msituni. Mtaje kwa yule mzee wa dukani, akitoka kwenda kumuuliza, mfuate nyumanyuma.

Huyo bingwa, Carla, ndiye anayewaumbua wenye orodha. Matusi yake hujayasikia popote. Atakwambia mwoga kama wewe amekutana naye mara moja tu maishani. Jibu liko wapi? Ni lilelile la mbwa: huyo ndiye aliyekufundisha yote unayoyajua. Kwa Kiswahili wala hulibadilishi neno, maana “huyo” ya mbwa na “huyo” ya mwoga ni moja. Kiingereza chako kikiwa cha kusuasua, kaa na kamusi, andika maana ya kila jibu kwa maneno yako kwenye daftari. Aliyekariri kwamba tusi la tatu linajibiwa na jibu la tano, kwa Carla anapotea, kwa sababu hana habari jibu lile lilikuwa linasema nini.

(Gemu ya tatu ya mfululizo huu, ya mwaka 1997, ina mapambano ya baharini ambako jibu lazima liende na vina. Hiyo watu wa mashairi mngeiweza usingizini.)

Nirudi kwa jamaa wa 5,000. Simjui, ila programu za aina yake nazijua kwa sababu mimi ndiye ninayefagia zikishapita. Leo ni majibu ya maharamia, jana ilikuwa sarafu za gemu ya mpira, kesho risasi zisizoisha. Maelekezo yake huanza na sentensi moja: zima antivirasi kwanza. Mwanafunzi mmoja aliniletea mashine yake baada ya kuitii sentensi hiyo. Picha, nyaraka, ripoti ya fildi, vyote vimebadilishwa majina na havifunguki, na katikati ya kioo kuna ujumbe wa Kiingereza unaodai pesa. Hakuwa na nakala hata kwenye flashi. Nilichoweza kumfanyia ni kufuta diski yote na kuweka Windows upya, na ripoti akaanza kuiandika ukurasa wa kwanza.

Kama programu ya huyo jamaa umeshaipokea kwenye flashi, usiifungue “kuangalia tu”. Ukiwa umeshaifungua, zima intaneti sasa hivi, usichomeke flashi nyingine wala diski ya nje, halafu ipeleke mashine kwa fundi wa karibu. Faili ulilohifadhia gemu yako mwambie alikague kwanza kabla ya kulirudisha. Ni dogo sana, na ndani yake kuna matusi uliyoyapata kwa kuchapwa.