Mkanda ulioungua Mwaloni

Mkanda wangu wa kwanza wa picha kwenye Holga, kamera ya plastiki, ulitoka mtupu. Picha 12, hakuna hata moja. Nilikuwa nimeshinda asubuhi nzima kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, nikimpiga picha mama mmoja aliyekuwa akichambua dagaa, kumbe kifuniko cha lenzi sijakitoa. Kwenye kamera hii kitundu cha kuchungulia hakipitii kwenye lenzi, kwa hiyo unaona kila kitu vizuri huku mkanda hauoni chochote. Niliporudi, mama akadai picha zake. Nikamwambia zimeungua.

"Zimeungua? Kwani ulizikaanga?"

Tangu siku hiyo kifuniko sikitumii kabisa. Lenzi yenyewe ni ya plastiki, ikikwaruzika kidogo ndiyo kwanza inanoga.

Holga ilianzia Hong Kong mwanzoni mwa miaka ya 1980. Inatumia mkanda mpana wa 120, na picha zake ni za mraba, pembe zikiwa na giza. Umbali unachagua kwa vichoro: mtu mmoja, watu wachache, kundi, mlima. Basi. Mwanga wa ziwani ndio utakaokusumbua. Saa sita mchana maji yanakurudishia jua usoni, na mkanda wa 100 (namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga) unatosha. Saa moja asubuhi, au mawingu yakitanda, weka wa 400. Kabla ya kutoka zungushia mgongo wa kamera solotepu nyeusi ya mafundi umeme ili mwanga usipenye, na usiuache mkanda kwenye bajaji iliyoegeshwa juani.

Kusafisha ni kazi nyingine. Mkanda wa rangi sikushauri uujaribu nyumbani. Wa nyeusi na nyeupe ninausafisha kwa kahawa ya unga ya kuyeyuka (yangu ni ya Bukoba, ng'ambo tu hapo), magadi ya kufulia na vitamini C. Ndiyo, kahawa. Chumba kizima kinanuka vibaya, jiandae kwa maneno ya wapangaji wenzako. Maji yanatakiwa yawe nyuzi 20 hivi, na ya bomba letu mchana ni ya moto kuliko hapo, kwa hiyo chupa ninaiweka kwenye beseni la barafu. Lakini dawa ya kugandisha picha ni lazima ununue, hiyo kahawa haiwezi. Ukimaliza, weka negativu juu ya kioo cheupe cha tableti, piga kwa simu, kisha geuza rangi.

Kama hela ya mkanda huna, anza na simu, wala usijisikie mnyonge. Hipstamatic ya 2009 na Instagram ya 2010 zilivuma kwa kuiga hizihizi kamera za plastiki, mraba na rangi zilizopauka. Tatizo langu na filta ni kwamba unaipaka baadaye, picha ikiwa imeshaharibika au imeshapendeza. Mimi hujiwekea masharti kabla: mraba, bila fleshi, picha 12 tu, na marufuku kuzitazama mpaka nifike nyumbani. Ukifika ya tisa utajikuta unasogea karibu na mtu na kumsalimia kwanza. Jioni, paka kidole mafuta ya nazi kidogo, gusa lenzi ya simu, halafu elekeza kwenye taa za mitumbwi ya dagaa. Nenda siku zisizo na mbalamwezi. Mwezi ukiwa mkubwa wavuvi wa dagaa wanapumzika, utakuta giza tu.

Mkanda wa pili nilisahau kuusogeza mbele baada ya kupiga. Holga haikukatazi kupiga mara mbili kwenye kipande kimoja cha mkanda, kwa hiyo mikono ya yule mama ikatua juu ya Jiwe la Bismarck, lile jiwe maarufu la ziwani hapa Mwanza, dagaa wakimwagika ziwani. Ndiyo picha ninayoipenda kuliko zote. Nikaichapisha, nikampelekea.

Akaitazama kwa muda mrefu, akaigeuza, akaitazama tena.

"Nzuri, mwanangu. Sasa nipige nyingine, na hilo jiwe ulitoe."